Gambuti Nyuma ya Jiko

Kila asubuhi mvua za Aprili zikishaanza, Murugi alitoka nyumbani akiwa na gambuti, viatu virefu vya mpira, miguuni na viatu vya ngozi shingoni. Viatu alivifunga kamba pamoja, vikaning'inia kifuani kama vitoto viwili vya sungura. Njia ya kwenda Shule ya Mitarakwa, nje kidogo ya mji wa Mweiga, ilipita katikati ya mashamba ya viazi. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, hapo hapakuwa na njia tena. Palikuwa na uji mwekundu. Aliyejaribu kupita na viatu vya ngozi aliviacha humo.

Kwa hivyo watoto wote walikuja na gambuti, wakabadilisha wakifika shuleni, na kuzirundika barazani. Hapo ndipo taabu ilipoanzia, kwa sababu gambuti zote ni nyeusi. Jioni kengele ikilia, watoto zaidi ya mia mbili waliliparamia lile rundo kama kuku waliomwagiwa mahindi. Mwaka uliopita mtoto mmoja wa gredi ya tano alifika kwao na gambuti mbili za mguu wa kushoto. Hakujua mpaka mamake alipomuuliza kwa nini anatembea kama bata.

Hilo lilichekesha. Lililompata Shirleen halikuchekesha. Shirleen alikuwa rafiki wa Murugi, wote wawili wa gredi ya saba, na mamake alikuwa askari katika kituo cha polisi cha Mweiga. Katika muhula mmoja Shirleen aliibiwa gambuti mara mbili. Mara ya pili alirudi nyumbani na soksi tupu kwenye matope, akalala na homa siku tatu.

Wazazi wakakutana. Wakakubaliana kwamba shule inunue makabati ya chuma yenye milango midogo midogo, kila mtoto na mlango wake na kufuli lake. Likabaki swali moja: makabati gani?

Kazi ya kuyapima, kabla kamati ya wazazi haijachagua, alipewa Mwalimu Tryphosa, mwalimu wa sayansi, mwenyeji wa Kakamega. Mwalimu Tryphosa hakuwa mtu wa kuamini maneno matupu. Watu walimletea picha nzuri nzuri kwenye simu, akazirudisha.

"Kwenye picha kila kabati ni zuri," alisema. "Mimi nataka kuliona likiwa na matope ndani."

Basi akaomba makabati mawili ya mfano. Moja, la rangi ya buluu, lilitoka duka moja la mjini Nyeri. La pili, la kijivu, lilitoka kwa Ngatia, fundi wa kuchomelea vyuma mwenye karakana karibu na soko la Mweiga. Ngatia alikuwa babake Murugi.

Kwa miezi mitano karakana hiyo haikuwa imeona kazi ya maana. Ngatia alichomelea gurudumu la mkokoteni leo, lango la zizi kesho, kisha akakaa siku nne akitazama barabara. Rafiki yake wa Sagana, anayeunda mabodi ya malori, alikuwa amempigia simu mara mbili akimwita akafanye kazi huko. Kwenda Sagana kulikuwa na maana moja: baba angeonekana nyumbani mara moja kwa mwezi.

"Nikipata haya makabati ya shule, siendi popote," Ngatia alimwambia binti yake siku alipomaliza kupaka rangi lile la mfano. Aligonga ubavu wa kabati kwa kifundo cha kidole, likatoa sauti nzito. "Sikia hiyo, Mama. Bati nene. Na kila ukingo nimechomelea mpaka mwisho. Humo hata sisimizi hapiti."

Alimwita Mama kwa sababu Murugi lilikuwa jina la mamake mzazi, nyanya yake Murugi, na katika nyumba nyingi za huko mtu hamwiti binti yake jina hilo hivi hivi. Murugi alipenda kuitwa hivyo. Alilizunguka kabati, akaweka kidole kwenye kila ukingo, na kweli hakupata mwanya hata mmoja. Akaona baba yake ni fundi kuliko mafundi wote.

Jumatatu Mwalimu Tryphosa aliomba sufuria jikoni, akatia majina ya wanafunzi wa gredi ya saba, akachomoa mawili. La kwanza lilikuwa la Shirleen, akapewa kabati la buluu. La pili lilikuwa la Murugi, akabaki na la kijivu.

Darasa likaguna. Mwalimu alimtazama Murugi. "Hili ni kabati la babako. Nichomoe jina lingine?"

"Hapana, Mwalimu," Murugi alisema haraka. "Nitaandika ukweli."

"Sawa. Sikilizeni nyote wawili. Mtatumia kabati siku kumi za shule. Gambuti zinaingia asubuhi jinsi zilivyo, na matope yake, na sweta ikiwa imelowa. Vitabu juu. Jioni viatu vya ngozi vinabaki ndani mpaka kesho yake. Kila siku kabla ya kwenda nyumbani mnaandika mlichokiona. Kizuri na kibaya."

Siku ya kwanza Murugi aliandika: *Mlango unafunga vizuri. Sawa.* Alikuwa amesikia kiharufu alipofungua jioni, lakini akajiambia kwamba gambuti hunuka popote.

Siku ya pili kile kiharufu kilikuwa kimekomaa. Kilimpiga puani mlango ulipofunguka, harufu ya soksi na chupa ya maziwa iliyosahauliwa. Akaandika: *Sawa.*

Siku ya tatu alitoa daftari lake la hisabati, akakuta kurasa zimeshikana na jalada limevimba. Matone ya maji yalikuwa yameganda kwenye dari ya kabati, yanadondoka moja moja. Murugi alisimama akiwa ameshika kalamu. Akilini alimwona baba yake akibeba mkoba, akiingia kwenye gari la Sagana. Akaandika: *Sawa.* Mkono wake ulikuwa mzito, lakini neno ni fupi, likaisha.

Upande wa pili, Shirleen aliandika kama mtu anayelipwa kwa kila mstari. *Mlango una matundu, hewa inapita. Ndani hamnuki sana. Bati ni jembamba, Wasike wa darasa letu ameusukuma mlango kwa goti na umebonyea. Bawaba ya chini imelegea. Ufunguo unakwama.*

"Kwa nini unaandika mabaya yote hayo?" Murugi alimuuliza. "Si ulisema unalipenda la buluu?"

"Nalipenda. Rangi yake ni tamu." Shirleen alifunga daftari lake. "Lakini mamangu anasema yeye haandiki kituoni anachokipenda. Anaandika kilichotokea. Lako je?"

"Langu ni sawa."

"Sawa tu? Kila siku?"

"Baba yangu ni fundi," Murugi alisema, akaondoka.

Siku ya nne alibuni njia yake. Alifika shuleni mapema kabla ya wengine, akapitia jikoni. Huko kulikuwa na jiko kubwa la kuni ambalo mpishi, Baba Munene, alipikia githeri ya shule nzima. Nyuma ya jiko palikuwa na ukuta wenye joto jingi. Murugi aliegemeza gambuti zake hapo, akatundika sweta yake juu ya msumari, na kabla ya kengele akavichukua vikiwa vikavu kama biskuti. Ndipo akavitia kabatini.

Jioni hiyo kabati halikunuka sana. Akaandika *Sawa*, na mara hii karibu ilikuwa kweli.

Alifanya hivyo tena siku ya tano. Lakini Jumatatu, alipofungua kabati baada ya siku mbili za mapumziko, alikuta viatu vyake vya ngozi vimeota kuvu nyeupe, laini kama manyoya ya kifaranga. Pembeni kwenye sakafu ya kabati, mahali maji ya siku za kwanza yalipojikusanya yasipate pa kutokea, kutu ilikuwa imeanza kuila rangi ya kijivu. Murugi akatazama huku na huku. Akafuta viatu kwa kitambaa. Kisha akaomba rangi ya viatu kwa mtoto wa darasa la jirani, akaipaka pale penye kutu mpaka pakawa peusi, pakafanana na kivuli tu.

*Sawa*, aliandika.

Sasa kila asubuhi alikuwa mgeni wa Baba Munene. Mzee huyo hakumuuliza kitu. Alikoroga githeri yake, akasukuma kuni. Mpaka Alhamisi ya wiki ya pili, siku moja kabla ya kamati kukutana.

"Wewe mtoto," Baba Munene alisema, "hizi gambuti zako zinaiva lini? Wiki nzima nazipika."

Murugi alicheka kidogo. "Nazikausha tu, Baba Munene."

"Naona. Ni wewe mwenye kabati la mfano?"

"Ndiyo."

Mpishi aliinua mwiko, akaukung'uta kwenye ukingo wa sufuria. "Mimi si mwalimu. Kazi yangu ni maharagwe na mahindi. Lakini nataka kujua jambo moja, nijipange. Watoto wengine mia mbili wakipata kabati kama hilo lako, na wao watakuja hapa asubuhi kukausha?"

Murugi aliiondoa sweta yake msumarini.

"Kwa sababu ukuta wenyewe ni huu," Baba Munene aliendelea, akiuonyesha kwa mwiko. "Gambuti tano, sita. Wa gredi ya nne, wale wadogo wanaokohoa toka Machi, tutawaweka wapi?"

Alirudi kwenye githeri yake kama mtu aliyeuliza saa. Murugi alizichukua gambuti, zikiwa na joto mikononi. Siku hiyo hakusikia neno hata moja la somo la sayansi. Aliwaona wale wadogo wa gredi ya nne wakifungua milango ya kijivu na kuvaa viatu vyenye kuvu, na katika kila mlango aliona maandishi yake mwenyewe: *Sawa, sawa, sawa.*

Jioni hakuandika kitu. Alitia daftari la kabati mfukoni, akachukua kiatu kimoja na daftari la hisabati lililovimba, akaenda moja kwa moja kwenye karakana ya baba yake.

Ngatia alikuwa amekaa juu ya ndoo, anatia tindo makali. Alitabasamu. "Mama. Kesho ndiyo kesho. Wanasemaje huko shuleni?"

Murugi alimpa kile kiatu. "Angalia ndani, Baba. Kule kwenye vidole."

Ngatia alikiinamisha kwenye mwanga. Huko ndani, ambako kitambaa hakikufika, kuvu ilikuwa bado imeshika. Akakinusa, akakunja uso. Murugi akamweleza yote bila kupumzika, kuanzia ile harufu ya siku ya kwanza hadi rangi ya viatu juu ya kutu. Akampa na daftari la kabati. Ngatia akafunua ukurasa, akafunua mwingine.

"Sawa," alisoma. "Sawa. Sawa." Akalifunga daftari. Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni wa kabeji. "Nani alikutuma kufanya hivi?"

"Hakuna mtu."

"Mimi nilikutuma?"

"Hapana, Baba. Sikutaka uende Sagana."

Ngatia aliweka tindo chini. Hasira ilikuwa imempanda, Murugi aliiona shingoni, lakini alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mimi nimetengeneza makabati ya ofisi maisha yangu yote. Ya kuweka karatasi. Huko watu wanataka vumbi lisiingie, kwa hivyo nimezoea kuziba. La kuweka matope sijawahi kutengeneza. Ungeniambia siku ya kwanza, ningelitoboa siku ya pili. Ungeniambia siku ya tatu, ningeliinua miguu siku ya nne. Wewe umeninyima siku tisa, Mama. Umenificha kazi yangu mwenyewe."

Murugi alianza kulia.

"Hayo machozi hayatoi kutu," Ngatia alisema, ila aliinuka akamfuta uso kwa nyuma ya mkono, akimwachia alama ya masizi shavuni. "Makosa ya bati ni yangu, nitayarekebisha. Makosa ya daftari ni yako. Kesho utasimama mbele ya kamati useme."

"Na wakichagua la buluu?"

"Basi watakuwa wamechagua la buluu."

Ijumaa kamati ilikaa katika ofisi ya walimu, wazazi watano na Mwalimu Tryphosa. Mbele yao palikuwa na madaftari mawili. La Shirleen lilikuwa limejaa malalamiko. La Murugi lilikuwa safi. Mzazi mmoja alikwisha sema, "Hapa hakuna haja ya kubishana, la kijivu limeshinda," wakati Murugi alipobisha mlango na kuomba ruhusa.

Alisema yote akiwa amesimama, mikono nyuma. Alipomaliza, matone ya mvua yalikuwa yanagonga paa la bati.

"Ndiyo maana watu husema usimpe mtoto apime kazi ya babake," yule mzazi alinung'unika.

"Hilo ni kosa langu," Mwalimu Tryphosa alisema. "Sikupaswa hata kumuuliza. Ningechomoa jina lingine." Akamgeukia Murugi. "Ulisema utaandika ukweli. Nilikuamini mbele ya darasa lote. Unajua?"

"Najua, Mwalimu. Samahani."

"Kuanzia leo wewe si mwandishi wa kabati lolote. Na utayaosha yote mawili, ndani na nje, wewe mwenyewe."

Kamati haikuchagua siku hiyo. Ilimwandikia kila muuzaji mabaya yaliyoonekana, na kuwapa wote wawili nafasi ya kuleta kabati jingine. Duka la mjini lilijibu kwamba makabati yake yanatoka kiwandani yalivyo, bei ni ile ile na bati ni lile lile. Ngatia hakujibu chochote. Alikuja Jumamosi, akalibeba kabati lake kwenye mkokoteni, akapotea nalo.

Liliporudi Jumatano, halikuwa lile tena. Lilisimama juu ya miguu yenye urefu wa shubiri, upepo ukipita chini. Kila mlango ulikuwa na mistari mitatu ya matundu juu na mitatu chini. Gambuti zilikaa juu ya wavu wa chuma, na chini ya wavu palikuwa na sinia la bati lililoinama kidogo kuelekea mbele, maji yapate kutoka. Vitabu vilikuwa na rafu yao juu kabisa, mbali na matope. Bati lilikuwa nene kama mwanzo.

Safari hii Mwalimu Tryphosa alimpa Shirleen daftari. Murugi alimsogelea, hajui pa kuanzia.

"Usinihurumie," alisema mwishowe.

"Nani anakuhurumia?" Shirleen akajibu. "Nikisikia harufu hata ya panya, naandika. Na panya mwenyewe namtaja kwa jina." Wakacheka wote wawili, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Mvua ilinyesha siku kumi hizo kama iliyoagizwa. Kila asubuhi Shirleen aliingiza gambuti zinazochuruzika, na kila jioni akaandika. *Sinia limejaa maji, nimemwaga. Wavu umekauka. Hakuna harufu. Viatu havina kuvu.* Siku ya sita akaandika: *Kufuli liko juu mno. Mtoto wa gredi ya nne amejaribu, hafiki mlango wa juu.* Ngatia akaja na mashine yake, akashusha milango ya wadogo. Siku ya kumi Wasike aliusukuma mlango kwa goti, akashika goti lake akiruka mguu mmoja. Shirleen akaandika na hilo pia.

Kamati ilikaa dakika kumi na tano tu.

Makabati yalianza kuja mwezi wa Juni, kumi kwa kumi, na karakana ya Ngatia ikawa na kelele toka asubuhi hadi jioni. Rafiki wa Sagana alipopiga simu tena, Ngatia alimwambia kwamba yeye mwenyewe anatafuta msaidizi. Siku ya kugawa funguo, Mwalimu Tryphosa alisimamisha wanafunzi barazani, mahali lile rundo la gambuti lilipokuwa.

"Nawaambia jambo moja, halafu mchukue funguo zenu," alisema. "Hili kabati mnaloliona si lile la kwanza. La kwanza lilikuwa na kasoro, na kasoro si aibu. Kila kitu kilichotengenezwa na binadamu huanza nayo. Ilipotajwa, fundi aliirekebisha. Ilipofichwa, ilikaa humo ndani ikiota kuvu. Mnayempenda mkimficha kosa lake, hamjamsaidia. Mmemfungia mlango wa kulirekebisha. Murugi analijua hilo kuliko mimi, na alipata moyo wa kulisema mbele ya watu wazima. Kwa hivyo namrudishia kazi yake."

Akampa Murugi daftari jipya la kuandika hali ya makabati muhula mzima.

Jioni hiyo Ngatia alikuwa anafunga skrubu za mwisho. Alimwona binti yake ameinama kwenye mlango wa saba, anaufungua na kuufunga, anaufungua na kuufunga, kisha anaandika. Akamjia nyuma, akasoma juu ya bega lake: *Mlango wa saba unalia ukifunguliwa.*

"Mama," Ngatia alisema, "hata hilo?"

"Hata hilo, Baba."

Ngatia akaenda kuchukua mafuta.